Mlango wa Kwanza ni wa Nani? Majibu kwa Wasomaji Waliogombana na Majirani

Tangu Juni, baridi ilipoanza kuuma huku Nyanda za Juu Kusini, barua nyingi zilizonifikia zimekuwa zikimzungumzia mtu mmoja: jirani. Sishangai sana, kwa sababu kiangazi ndicho kipindi cha kufyatua matofali, kujenga kuta, kusafisha mashamba na kuyachoma moto, kwa hiyo ndicho kipindi ambacho mipaka inaguswa. Niliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata kwa miaka kadhaa, na nakumbuka kwamba mashauri yaliyotutoa jasho yalikuwa yale ambayo mlalamikaji alikuwa ameshapita kwa watu kumi kabla ya kumfikia yule anayemlalamikia. Ndiyo maana kila barua niliyoifungua nimejiuliza kwanza msomaji huyu alibisha mlango wa nani, na alipaswa kuanzia wapi. Nimechagua barua nne, nikaondoa majina ya watu na ya mitaa yao.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi katika Jiji la Mbeya, kwenye mtaa ambao viwanja vyake havijapimwa. Mwaka 2011 marehemu mume wangu alinunua kiwanja chetu kwa mzee mmoja mwenyeji, wakaandikishana katika ofisi ya serikali ya mtaa. Tuliishi vizuri na jirani wa upande wa magharibi mpaka mwaka juzi, alipojenga ukuta wa matofali ya kuchoma. Ukuta huo umeingia kwangu hatua mbili, na umesimama mbele ya dirisha la chumba ninacholala na mtoto wangu mdogo, kiasi kwamba dirisha halifunguki tena. Nilimweleza mwenyekiti wa mtaa, akasema atakuja, hajaja. Nikawaeleza wenzangu wa kikoba, habari zikamfikia jirani kwamba ninamwita mwizi wa ardhi, na tangu siku hiyo familia ile haitusalimii. Mwezi wa sita asubuhi nilikuta kuku amekufa mlangoni kwangu, hana jeraha lolote. Tangu hapo mimi na mtoto tunaamka na kichwa kizito kinachouma, mtoto anatapika alfajiri, ila tukikaa nje juani hadi saa nne tunakuwa wazima. Wanangu wakubwa wanaolala chumba kingine hawana shida. Zahanati walipima malaria, hawakuiona. Kaka yangu amekuja kutoka Kyela, akasema hapa pamefungwa, na ananihimiza twende kwa mtaalamu atakayemtaja mhusika mbele ya watu. Usiku tunaingiza jiko ndani kwa ajili ya baridi, tunasali, tunalala, lakini hali ni ileile. Nifanye nini?
Mama wa watoto watatu, Mbeya

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa msiba wa mume wako na kwa haya yaliyofuata. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonishtua hakikuwa kuku. Ni maneno uliyoyaandika mwishoni, kama mtu anayepita tu, kwamba usiku mnaingiza jiko ndani. Kabla hujafika katikati ya jibu hili, naomba tukubaliane kwamba usiku wa leo jiko hilo litalala nje, na mtajifunika blanketi la pili hata kama itabidi kuliazima.

Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua haiwezi kumwonya mtu. Hewa hiyo hushika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na dalili zake ndizo hizohizo ulizoziandika: kichwa kuuma, uzito wa mwili, kichefuchefu na kutapika, kisha nafuu mtu akikaa nje penye hewa safi. Mtoto mdogo huathirika upesi kuliko mtu mzima. Ikizidi, huua watu wakiwa usingizini, na sisi wa mikoa ya baridi tumeshazika familia ambazo mlango wao ulivunjwa asubuhi, jiko likakutwa katikati ya chumba. Wanao wakubwa ni wazima, na naamini sababu ni kwamba jiko haliingii chumbani kwao. Dirisha lako lilipokuwa linafunguka, huenda upenyo wake uliwaokoa bila ninyi kujua. Sasa limezibwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukuta wa jirani yako unawaumiza, ila kwa njia ambayo kaka yako hakuifikiria. Nendeni hospitali, na mkifika msiseme tu kwamba kichwa kinauma, bali mwelezeni daktari waziwazi kwamba mnalala na jiko la mkaa katika chumba kisicho na dirisha, maana bila maneno hayo mtapimwa malaria kwa mara nyingine.

Kuhusu kuku, hukuniambia ni wa nani. Kiangazi ni msimu wa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na kuku wa mtaani anayekufa bila jeraha katika miezi hii ana maelezo ya karibu zaidi kuliko hayo ya uadui. Siwezi kuapa kwamba hakuna mtu aliyemtupa pale. Nasema tu kwamba kuku mgonjwa huenda kufia popote, na mlango wako ni mojawapo ya popote.

Sasa nizungumze na kaka yako kwa heshima, kwa sababu najua anakupenda. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1928, inalifanya tendo la kumtaja mtu kuwa ni mchawi kuwa kosa la jinai, na huyo mtaalamu atakayesimama mbele ya watu kumwonyesha mtu kidole atakuwa anafanya kile ambacho serikali imekuwa ikikipiga marufuku kwa jina la ramli chonganishi. Huku kwetu tumewaona pia wale wanaoitwa lambalamba, wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi na kuacha nyuma yao vijiji vilivyogawanyika. Lakini tuiweke sheria pembeni kidogo. Jiulize siku ya pili itakuwaje, baada ya jina la jirani yako, au la mama yake mzee, kutajwa. Vijana wa mtaa hawataomba ushahidi. Nyumba itaweza kuchomwa, mtu ataweza kuuawa, na ukuta utabaki palepale mbele ya dirisha lako, huku wewe ukiwa shahidi au mshtakiwa.

Kwa kuwa kaka yako ametoka Kyela, namkumbusha jambo la nyumbani kwake. Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani kukaa pamoja na watu vizuri, kuongea nao, kula nao na kusaidiana nao, na zamani walijenga vijiji vya watu wa rika moja, ambamo jirani alikuwa mwenzako wa ujanani na si lazima ndugu wa damu. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti walioishi miongoni mwao katika miaka ya 1930, waliandika kuhusu imani iliyoitwa pumzi ya watu, kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosa yanaweza kumletea ugonjwa. Mimi siihubiri imani hiyo. Ninachokiona ndani yake ni kwamba wazee wale waliogopa hasira iliyofungiwa moyoni, na taratibu zao zilimtaka mwenye hasira aiseme mbele ya wahusika. Wewe hasira yako umeisema kwa mwenyekiti, kwa kikoba, kwa kaka na kwangu. Katika barua nzima hakuna mahali uliposema kwamba ulimwambia jirani mwenyewe.

Huo ndio mlango wa kwanza, na haujabishwa kwa miaka miwili. Usiende peke yako, wala usiende na kaka yako akiwa na maneno yake. Tafuta hati ya mauziano ya mwaka 2011, uone ni majirani gani wa mipaka walioweka saini, kisha umwombe mmoja wao, mtu wa makamo anayeheshimiwa na pande zote, akusindikize mchana, siku ya kazi isiyo na sherehe wala msiba. Anza na dirisha, usianze na mpaka. Mwambie mtoto anaumwa, chumba hakina hewa, na unaomba mlitazame pamoja tofali lile linaloziba. Mtu aliyeitwa mwizi kwa mgongo atajiandaa kujitetea kuhusu ardhi, lakini wachache wana jibu lililoandaliwa kuhusu mtoto asiyepumua. Na kwa lile neno la kikoba, muombe radhi kwa namna lilivyomfikia, hata kama kwa ardhi unaamini una haki.

Akikataa, ndipo ngazi nyingine zifuate, na hapo uwe mtu wa maandishi. Mwenyekiti aliyeambiwa kwa mdomo husahau, au hupata sababu ya kusahau, kwa hiyo mwandikie barua, uache nakala moja na kubaki na nyingine iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Shauri la ardhi litapelekwa katika baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua nani mshindi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa hutoa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inamruhusu mlalamikaji kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Watu wengi bado wanafika kata wakitarajia hukumu, wakiikosa wanadhani wajumbe wamehongwa.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hukukitaja, na nina wasiwasi hukijui. Kiwanja kilinunuliwa na marehemu. Kama jina lako halimo katika hati ile, hutaweza kufungua shauri kwa niaba ya mali yake mpaka mahakama ikuteue wewe, au mtu mwingine ambaye familia imemkubali, kuwa msimamizi wa mirathi. Nimeona wajane wakizungushwa miaka, kisha shauri linatupwa kwa sababu hiyo moja, bila hata mpaka kujadiliwa. Anza na mirathi sasa, wakati mazungumzo na jirani yanaendelea, na ukikwama watafute wasaidizi wa kisheria walio katika wilaya yako, ambao hawatozi ada. Muda unao, maana ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini mashahidi hawana ukomo wa kisheria, wanazeeka na kufa. Yule mzee aliyewauzia, kama yuko hai, ndiye mtu wa kumtembelea wiki hii hii. Na siku mtaa wenu utakapoingia katika urasimishaji, yaani viwanja vyenu kupimwa rasmi, wapimaji watataka majirani wakubaliane mpaka kabla ya kuchimbia bikoni (alama za mpaka), kwa hiyo jirani yako naye anahitaji suluhu hii, hata kama leo hajui.

SWALI: Mshauri, nimepanga chumba Uyole katika nyumba ya wapangaji watano yenye mita moja ya LUKU. Kila chumba kinachanga shilingi 5,000 kwa wiki, lakini mwenzetu mmoja ana friji la kuhifadhia samaki wa biashara, na umeme unaisha Alhamisi. Tumelalamika, anacheka. Wiki iliyopita nilizima swichi kuu usiku kucha ili apate fundisho, samaki wakaharibika. Sasa anadai shilingi 60,000 na tukikutana bombani ananitishia. Je, nilipe?
Kijana wa Uyole

JIBU: Lipa, kijana wangu. Kama samaki walikuwa wa thamani hiyo, ulipe, na kama si wa thamani hiyo, mpatane mbele ya mpangaji wa tatu, ila usiseme kwamba hukuwaharibu. Malalamiko yako yalikuwa ya haki mpaka dakika ile ulipogusa swichi. Mlango ulioruka ni wa mwenye nyumba, kwa sababu friji la biashara kwenye mita ya pamoja ni jambo la mkataba wa upangaji, na dawa yake inajulikana: mita ndogo kwa kila chumba, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kisha kila mtu anunue kwa kadiri anavyotumia. Mpaka hapo, mwenye friji achange mara mbili au tatu ya wengine, iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Vitisho vya bombani, kama ni vya kukupiga, mwambie balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa leo, kabla ya kulipa na si baada, ili malipo yaonekane kuwa ni malipo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Iringa Mjini. Jirani na kwetu palikuwa na kilabu cha ulanzi kwa miaka mingi, cha mama mmoja, na hatukuwahi kugombana naye. Mama alipofariki, mwanawe akapageuza baa, akafunga spika kubwa nje, na sasa muziki unapigwa mpaka saa nane usiku, siku nne kwa wiki. Nina mke mwenye shinikizo la damu, na wajukuu wanaofanya mtihani mwaka huu. Nilimpigia simu mwenye baa saa saba usiku nikamwambia maneno makali, akanikatia. Jumamosi iliyopita vijana wa mtaani, na sikuwazuia, walirusha mawe kwenye bati la baa. Jumapili yule bwana akageuza spika zote zikatazama nyumba zetu. Wenzangu wanasema turudie mawe. Unasemaje?
Mwalimu mstaafu, Iringa

JIBU: Shikamoo mwalimu. Umeandika kwa uaminifu kwamba hukuwazuia vijana, na kwa sababu hiyo nitasema nawe kama mtu ambaye angeweza kukaa kimya lakini hakukaa. Mawe yale yangempata mhudumu wa baa kichwani, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Na hata bila kumpata mtu, kuharibu mali ni jinai, wakati kelele zake kwa sasa ni malalamiko yasiyoandikwa popote, kwa hiyo mkifika mbele ya polisi mtakuwa mmempa yeye nafasi ya mlalamikaji. Mawe ya Jumamosi yalizaa spika za Jumapili. Ya pili yatazaa kitu ambacho hakina batani ya kuzimia.

Nilitabasamu uliposema hamkuwahi kugombana na mama wa ulanzi, kwa sababu nilikulia karibu na kilabu cha namna hiyo. Ulanzi una majira yake, hugemwa wakati wa mvua mianzi inapochipua, ukiwa mpya ni mtamu hata watoto huonjeshwa, na ukilala hukolea. Watu waliimba, wengine walitukanana, lakini ulanzi ulipokwisha kilabu kililala, na msimu ulipokwisha mtaa ulipumzika kwa miezi. Spika haina msimu. Nadhani hili ndilo linalowaumiza wazee wengi wa Iringa: mahali ni palepale, biashara ni ya watu walewale, ila mapumziko yaliyokuwa yameshonwa ndani yake yameondolewa, na kijana aliyerithi anaamini kwa moyo mweupe kwamba anaendeleza kazi ya mama yake.

Mlango wa kwanza ni wake, lakini si kwa simu ya saa saba usiku, wakati wewe una hasira na yeye ana wateja. Nenda saa nne asubuhi, ukiwa na majirani wawili, mmoja wao akiwa mtu anayekunywa pale. Umkumbushe mama yake. Muombe mambo mawili yanayopimika: spika ziingie ndani, na muziki uzimwe saa mtakayokubaliana. Ukimwambia tu apunguze, atapunguza kwa siku mbili, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ameongeza tena.

Ikishindikana, anzeni daftari. Kila usiku, nyumba tatu tofauti ziandike muziki ulianza saa ngapi na ulizimwa saa ngapi, kwa wiki tatu mfululizo, kwa sababu ofisa hufanya kazi kwa tarehe na saa. Kisha barua moja yenye saini za kaya kumi na zaidi iende kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa maofisa wa biashara na wa mazingira wa manispaa. Leseni ya kuuza vileo hutolewa kwa masharti, na saa za kuuza ni mojawapo. Mwenye leseni anapofahamu kwamba majirani wake wanalijua hilo, huwa msikivu zaidi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kuna kanuni za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo, ambazo zinatofautisha makazi na maeneo ya biashara, na mchana na usiku. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina ofisi ya kanda yetu mjini Mbeya, na malalamiko ya maandishi yanaweza kufikishwa huko, iwapo manispaa haitachukua hatua.

Neno dogo pembeni, mwalimu, na usinikasirikie. Baadhi ya wanaolalamikia baa huendesha mikesha ya maombi kwa vipaza sauti vilevile. Kabla ya kukusanya saini, hakikisheni miongoni mwenu hakuna mwenye spika yake ya Ijumaa usiku, kwa sababu swali hilo litaulizwa, na litaulizwa mbele ya watu.

SWALI: Kamwene. Mimi ni mkulima wa parachichi, Njombe vijijini. Nilipanda miche 74, na Oktoba mwaka jana ikiwa mwaka wa tatu, ndiyo inaanza kuchanua, jirani yangu wa mpaka alichoma majani shambani kwake saa saba mchana bila kumwambia mtu. Upepo ulivusha moto, miche 41 ikaungua pamoja na misindano (miti ya paini) yangu ya nusu ekari. Nilipomfuata alisema moto hauna mwenyewe, hata yeye ameunguliwa. Binti yake ameolewa na mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo wazee wa ukoo wameniambia ninyamaze, tutazikana. Nimenyamaza mwaka mzima, silali. Wiki hii nimemwona anafyeka tena pale pale. Ana milingoti (mikaratusi) yake mizuri upande wa chini, na nitakuwa mkweli kwako, nimeshafikiria kuitia kiberiti usiku ajue uchungu wake.
Mkulima, Njombe

JIBU: Kamwene, ndugu yangu. Nakushukuru kwa sentensi ya mwisho, kwa sababu mtu anayeandika jambo kama hilo kwenye barua anatafuta wa kumshika mkono. Naushika. Mlingoti una mafuta kwenye majani yake, ukishika moto wakati wa upepo hauchagui kwenda chini wala kulia, na kati ya shamba lile na kijiji nadhani kuna watu ambao hawajakukosea lolote. Anayechoma mazao au miti ya mwenzake kwa makusudi anafungwa kwa miaka, si kwa miezi. Na kesi yako ya parachichi, ambayo leo ni safi, itakufa siku hiyohiyo.

Kwa kuwa anafyeka sasa, jambo la haraka si miche 41 ya mwaka jana, bali ni 33 iliyobaki. Hapa mlango wa kwanza sio wake. Yeye alishapata nafasi ya kukwambia kabla ya kuchoma, hakuitumia, na majani aliyoyafyeka yatakauka ndani ya siku chache. Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kamati ya mazingira, uombe aitwe kabla hajachoma, mkubaliane kwa maandishi siku, saa, mkanda utakaofyekwa na kuparuliwa kando ya mpaka wenu, na watu watakaosimama na matawi mabichi na maji. Saa saba mchana ya Oktoba ni saa mbaya kuliko zote, jua kali na upepo mkavu. Achome jioni upepo ukitulia, au aache kabisa na kuyafukia majani hayo, jambo ambalo bwana shamba atamwambia kwamba lina faida zaidi kwa udongo wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti kuhusu uchomaji wa uoto, na vijiji vingi vya huku vina sheria ndogo zake juu ya moto kichaa, kwa hiyo hutakuwa unamwomba mtendaji fadhila, utakuwa unamkumbusha kazi yake. Ukimkuta jirani njiani, msalimie na umwambie mwenyewe kwamba unakwenda kwa mtendaji, asilisikie kwa mwingine.

Sasa ya mwaka jana. Huo msemo wa kwamba moto hauna mwenyewe nimeusikia tangu utotoni, na unafaa kwa moto wa radi. Moto uliowashwa kwa kiberiti, mchana, na mtu anayejulikana, una mwenyewe. Kwamba naye aliunguliwa kunaonyesha hakukusudia, na hilo linapunguza hasira, lakini halilipi miche. Mwite bwana shamba wa kata aandike tathmini: bei ya miche, mbolea, vibarua wa miaka mitatu, na miti iliyokuwa karibu kuzaa. Usiiandike wewe, kwa sababu mkono wako utaandika na uchungu pia.

Tathmini hiyo ipeleke kwa walewale wazee wa ukoo waliokuambia unyamaze. Wanasema mtazikana, nami nakubali kwamba hapa kwetu hilo ni jambo zito, maana jirani ndiye anayefika wa kwanza kwenye msiba na ndiye anayechimba kaburi. Lakini waulize, kwa adabu, ni kwa nini uzito wa undugu umewekwa begani kwako peke yako, na aliyeunguza hakuombwa hata kuja kutazama masalia. Mkwe aliyeunguza shamba la mkwe ana sababu kubwa zaidi ya kulipa, si ndogo zaidi. Pendekeza malipo anayoyaweza: miche mipya 41 msimu huu mvua zikianza Novemba au Desemba, siku za kazi za vijana wake kuchimba mashimo na kupanda, na kwa misindano, sehemu ya mauzo ya milingoti ile siku atakapoivuna. Iandikwe, washuhudie wazee wawili wa kila upande.

Wakikataa wote, mahakama ipo, lakini fahamu kwamba madai ya fidia ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, na mmoja umeshaupoteza ukiwa kimya. Piga picha za mashina yaliyoungua kabla nyasi za mvua hazijayafunika. Na kama mke wako hajui kuhusu kiberiti kile, mwambie leo jioni.